Ripoti ya sindano imesema "seli ndogo za duara": kwa nini haikutaja jina la ugonjwa?

Swali: Mwanangu wa kiume ana miaka 3. Mwezi uliopita nikimwogesha niligundua tumbo lake ni gumu upande wa kushoto. Hospitali ya wilaya walipiga ultrasaundi wakatuandikia rufaa, na huko akachomwa sindano tumboni. Majibu yanasema ni saratani ya "seli ndogo za duara", "inaelekea kuwa neuroblastoma, ila uwezekano wa uvimbe wa Wilms au limfoma haujaondolewa", na kwamba sasa achukuliwe kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa. Kaka yangu anasema saratani ikiguswa na chuma inasambaa, na kwamba daktari asiyejua jina la ugonjwa asimguse mtoto tena. Je, kipimo cha kwanza kilikosewa? Kwa nini wasianze dawa tu?

Jibu: Pole sana kwa kuuguza, mama. Nianze na hilo la kukosewa, maana naona ndilo linalowagombanisha nyumbani.

Kwa maneno uliyoyanukuu, sioni kosa. Ripoti hiyo imesema mambo mawili kwa uhakika: kwamba huu ni uvimbe wa saratani, na kwamba uko kwenye kundi fulani la saratani za watoto. Jambo la tatu, yaani jina, imelitaja kwa tahadhari, na ningekuwa mimi niliyekaa kwenye hadubini ile huenda ningeandika hivyohivyo. Mtaalamu wa patholojia anayetazama vioo viwili vya uvimbe wa tumbo la mtoto wa miaka 3, bila vipimo vya ziada, kisha akakupa jina moja bila kusita, huyo ndiye kaka yako amwogope.

Watu wengi hudhani sindano ilivuta "maji ya uvimbe" yakaingizwa kwenye mashine, mashine ikatoa jibu. Haiko hivyo. Sindano hii ya kuvuta seli, tunayoiita FNA, ni ya geji 22 au 23, unene wake haufiki milimita 1, nyembamba kuliko ile ya kuchangia damu. Daktari anaiingiza akiongozwa na ultrasaundi, anaisogeza mbele na nyuma ndani ya uvimbe, seli zinang'oka na kuingia kwenye tundu. Tone linalopatikana linapakwa kwenye vioo. Vingine vinaachwa vikauke kwa hewa kisha vinatiwa Giemsa, rangi ileile ya kutafutia vimelea vya malaria. Vingine vinatumbukizwa kwenye alkoholi vikiwa bado vibichi na kutiwa rangi ya Papanicolaou. Kioo kilichokaushwa kwa hewa kinaonyesha vizuri saitoplazimu, yaani ute unaokizunguka kiini ndani ya seli, na vitu vilivyozunguka seli, cha alkoholi kinaonyesha kiini cha seli kilivyo ndani, na kwa saratani za watoto tunavihitaji vyote viwili. (Nitoe na kero yangu hapahapa: chupa ya fomalini ikiachwa wazi karibu na vioo vinavyokauka, mvuke wake unaviharibu na Giemsa haishiki inavyotakiwa. Mtoto anaweza kurudishwa kuchomwa upya kwa sababu tu mtu hakufunga kifuniko.) Baada ya hapo inabaki kazi ya macho ya mtu.

Sasa hizo "seli ndogo za duara". Hilo si jina la ugonjwa, ni maelezo ya sura. Saratani nyingi za watoto hazitokani na miaka ya sigara, pombe au uchakavu wa mwili kama nyingi za watu wazima. Zinatokana na seli changa ambazo zilitakiwa kukomaa mtoto akiwa bado tumboni, ziwe figo, neva, msuli au ini, na hazikukomaa. Seli isiyokomaa haionyeshi asili yake: kiini kikubwa cha rangi ya bluu iliyokolea, saitoplazimu kidogo tu pembeni, basi. Neuroblastoma, Wilms, rabdomayosakoma ya misuli na retinoblastoma ya jicho zote zinaweza kuonekana hivyo. Limfoma ya Burkitt, ambayo ni saratani ya seli za kinga, na sakoma ya Ewing, ambayo mara nyingi ni ya mifupa, hazikutoka njia hiyo, lakini sura zao ziko hukohuko.

Hata hivyo hazifanani kabisa, na hapo ndipo mwenzangu aliyeandika ripoti yako alipopata neno "inaelekea". Chukua hizo tatu zilizotajwa kwenye ripoti yako.

Neuroblastoma hutokana na seli za mfumo wa neva, mara nyingi kwenye tezi ya adrenali iliyo juu ya figo. Kwa hiyo wakati mwingine seli zake huanza kutoa nyuzi laini za neva, na seli hujipanga duara kuzizunguka nyuzi hizo. Duara hizo zinaitwa rozeti za Homer Wright, kwa jina la Mmarekani aliyezieleza mwaka 1910. Nikiona nyuzi na rozeti kwenye kioo, moyo unatulia. Tatizo ni kwamba neuroblastoma changa kabisa haina nyuzi wala rozeti.

Uvimbe wa Wilms ni wa figo. Ukiutazama mzima una sehemu tatu: seli changa zisizo na mpangilio, seli zinazojaribu kutengeneza vijifereji vya figo, na tishu laini ya kushikilia. Sindano ikibahatika kupita zote tatu, jibu linapatikana siku hiyohiyo. Ikiangukia kwenye seli changa peke yake, kioo kitafanana na cha neuroblastoma kiasi cha kuwagawanya wataalamu wawili wazoefu. Na vijifereji vichanga vikikatika vibaya vinaweza kudhaniwa kuwa rozeti.

Ya tatu ni limfoma, na hapa namaanisha hasa Burkitt. Ndiyo rahisi zaidi kati ya hizo, na ndiyo tuliyoizoea zaidi Afrika Mashariki. Seli zake hazishikani, kila moja imekaa peke yake, zote za ukubwa mmoja. Kwenye Giemsa saitoplazimu yake ni bluu iliyoiva yenye vitundu vidogo vya mafuta, na katikati yake kuna seli kubwa za kinga zilizomeza mabaki ya seli zilizokufa. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, ndiye aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1958 akianzia na uvimbe wa taya. Miaka michache baadaye sampuli ya uvimbe huo kutoka Uganda ilichelewa kufika London kwa sababu ya ukungu uwanja wa ndege, ikafika na maji yake yamekuwa machafuchafu. Mwingine angedhani imeoza. Anthony Epstein, mtafiti wa huko London, alichukua tone akaliweka kwenye hadubini, akakuta ni seli za saratani zilizo hai zinazoelea zenyewe. Zikaoteshwa maabara, na mwaka 1964 vikaonekana ndani yake virusi ambavyo leo vinabeba jina lake na la mwanafunzi wake Yvonne Barr. Nimelileta hili kwa sababu moja: wapo wanaodharau sampuli ya seli zilizotawanyika eti kwa kuwa si kinyama. Kwa ugonjwa unaofaa, seli zilizotawanyika zinatosha sana.

Kwa ugonjwa usiofaa, hazitoshi. Mtu akikuletea matofali matano kutoka jengo usilolijua, utasema kama ni ya kuchoma au ya saruji, ila huwezi kuapa kwamba jengo lilikuwa shule au ghala. FNA inaleta matofali. Kinyama kinaleta kipande cha ukuta, kidogo lakini kilichosimama kama kilivyokuwa.

Kipo na cha pili kinachopatikana kwenye kinyama: wingi. Baada ya hadubini ya kawaida tunahamia kwenye imunohistokemia. Tunakata tabaka jembamba sana la sampuli iliyogandishwa kwenye nta, tunaiwekea kingamwili inayong'ang'ania protini moja tu, na protini hiyo ikiwepo inatokea rangi ya kahawia. Protini hizo tunaziita kwa majina mafupi. CD20 ikishika tunafikiria limfoma ya seli B, ambazo ni aina ya seli za kinga, na Burkitt itashika CD10 pia, huku Ki-67, inayohesabu seli zinazogawanyika, ikikaribia asilimia 100. PHOX2B ikishika kwenye viini, hiyo ni neuroblastoma karibu bila ubishi. Desmini na mayojenini huonyesha asili ya msuli. WT1 husaidia kwa Wilms, lakini si shahidi wa kutegemewa peke yake. CD99 ni ya sakoma ya Ewing, ila hata limfoma ya limfoblasti huishika, na aliyesahau hilo anaweza kumpeleka mtoto kwenye tiba isiyo yake. INI1 inasomwa kinyume: kinachotafutwa ni kukosekana kwake, kwa sababu uvimbe wa raboidi, ambao ni adimu na mkali mno, umeipoteza. Kila kipimo kati ya hivi kinakula tabaka moja la sampuli. Mabaki ya FNA yanaweza kuzungushwa kwa kasi kwenye mashine ya sentrifuji yakawa bonge dogo la kukatwa hivyohivyo, na yakitosha kinyama kinaweza kisihitajike. Inawezekana ya mwanao hayakutosha. Uliza.

Ungeniuliza nifanye nini kabla ya kinyama, ningetaka mkojo wa mtoto. Seli za neuroblastoma hutengeneza kemikali za jamii ya adrenalini, na mabaki yake, VMA na HVA, hupanda kwenye mkojo wa watoto wengi wenye ugonjwa huo. Hakuna sindano wala dawa ya usingizi, ni kikombe tu. Si kila hospitali ina kipimo hicho, lakini panapokuwepo ni kosa kukiruka. Ningetaka pia kuisoma CT-skani pamoja na daktari wa picha. Je, uvimbe umetoka ndani ya figo, au figo iko salama na imesukumwa tu? Kuna chembe za kalsiamu, ambazo ni kawaida kwa neuroblastoma na adimu kwa Wilms? Mishipa mikubwa ya damu imekumbatiwa au imesukumwa pembeni? Na ningekuuliza wewe: mtoto anacheza? Mwenye Wilms mara nyingi anakimbia na kula vizuri, mama ndiye anayegusana na uvimbe wakati wa kuoga, kama ilivyokutokea. Mwenye neuroblastoma iliyosambaa huwa amenyong'onyea, ana homa, anaumwa mifupa hadi anakataa kutembea, wakati mwingine ana weusi kuzunguka macho kama aliyepigwa. Ulivyosimulia jinsi ulivyouona uvimbe, mimi ningeiweka Wilms juu zaidi kuliko ilivyowekwa kwenye ripoti. Sijaona vioo wala picha, kwa hiyo lichukue kama swali la kumpelekea daktari wako, si kama jibu.

"Waanze dawa tu," umesema. Dawa ipi? Kwa Wilms, utaratibu unaofuatwa Ulaya na hospitali nyingi za kwetu ni vinkristini na aktinomaisini kwa wiki 4 ikiwa haijasambaa, kisha figo yenye uvimbe inatolewa. Kwa Burkitt hakuna cha kukimbilia kuutoa uvimbe kwa kisu. Ni saiklofosfamaidi na wenzake, pamoja na dawa zinazoingizwa kwenye maji ya uti wa mgongo. Neuroblastoma ndiyo yenye upana wa kushangaza: kwa baadhi ya watoto wachanga inasinyaa yenyewe na madaktari wanaangalia tu, kwa wengine inahitaji kila silaha iliyopo, na kinachotenganisha makundi hayo ni umri, ilivyosambaa, na kama jeni ya MYCN imejirudufu. Hilo la MYCN linapimwa kwenye sampuli. Shirika la Afya Duniani linasema nchi tajiri zinaponya zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani, na nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati chini ya asilimia 30. Kati ya sababu linazozitaja ni utambuzi uliochelewa na utambuzi uliokosewa. Siku chache za kutafuta jina sahihi si kupoteza muda, alimradi ziwe siku chache kweli.

Nikiri kwamba hali moja inaruhusu kuanza bila kinyama. Mtoto wa umri kama wa wako, mwenye uvimbe ambao kwenye picha ni Wilms ya wazi kabisa ndani ya figo, chini ya utaratibu wa Ulaya anaweza kuanzishiwa dawa bila kuchomwa chochote. Lakini kwa mwanao ripoti imeshaingiza shaka, na shaka ikishaingia ni lazima itatuliwe.

Sasa lile la chuma. Kaka yako hakulitoa hewani, ila amelikuza. Seli kubaki kwenye njia ya sindano ni jambo lililowahi kuonekana, lakini ni nadra, na sindano nyembamba ya FNA ni miongoni mwa salama zaidi. Watu hulinganisha hali ya mgonjwa kabla na baada ya kuchomwa, wakaona uvimbe umekua, wakaihukumu sindano. Uvimbe ulikuwa unakua kabla na ungeendelea kukua bila sindano. Burkitt inaweza kuongezeka maradufu ndani ya saa 24 hadi 48.

Isipokuwa jicho. Mtoto mwenye mboni inayong'aa nyeupe, au inayotoka nyeupe kwenye picha ya simu yenye mwanga, akishukiwa retinoblastoma hachomwi sindano kwenye jicho, kwa sababu hapo seli zinaweza kweli kutoka nje ya jicho. Ugonjwa huo unatambuliwa kwa kulichunguza jicho mtoto akiwa amelazwa usingizi. Na kwa Wilms kuna jambo la kanuni ambalo linaweza kuwachanganya mkiwa na ndugu Marekani: huko huanza kwa kuitoa figo, na uvimbe wowote uliochukuliwa sampuli kabla ya upasuaji huhesabiwa hatua ya 3 (hatua ni kipimo cha jinsi saratani ilivyoenea), hivyo tiba inaongezwa. Kwa utaratibu wa Ulaya, sampuli ya sindano kupitia ngozi haipandishi hatua. Kulifungua tumbo na kukata kipande ndiko kunakopandisha. Muulize daktari wenu anafuata upi, ili usije ukasikia "hatua ya 3" kwenye simu ukadhani ugonjwa umeruka.

Nikuambie kinachonitia wasiwasi kuliko sindano: mikono. Mtoto akiwa na uvimbe tumboni, kila shangazi na jirani anataka kuubonyeza aone ni mgumu kiasi gani, na mwingine anashauri achuliwe kwa mafuta. Uvimbe wa Wilms una ngozi nyembamba na unaweza kupasuka. Ukipasuka seli zinamwagika tumboni na hatua inapanda kwa haki, si kwa kanuni. Asibonyezwe, asichuliwe, asifungwe kitambaa cha kubana. Hata madaktari wanafunzi waliojipanga mlangoni, una haki ya kusema imetosha.

Na asipewe prednisolone kabla ya kinyama. Hutolewa kirahisi madukani, kwa kikohozi, kwa uvimbe, kwa "kumwongezea hamu ya kula". Ikiwa huu ni ugonjwa wa jamii ya limfoma, vidonge hivyo vinaweza kuuyeyusha kwa siku chache, kinyama kikaleta seli zilizokufa, na jina likapotea wakati ugonjwa upo. Kama alishapewa, mwambie daktari bila kuficha, na taja siku.

Ukihamishiwa hospitali nyingine, usiondoke na karatasi peke yake. Omba vioo vyenyewe na bloku ya nta kama ipo. Ni mali ya matibabu ya mwanao, na maabara hukabidhi kwa barua ya daktari. Karatasi inasema mtu mmoja alifikiri nini. Vioo vinamruhusu wa pili atazame mwenyewe. Hospitali za Muhimbili, Dar es Salaam, na Bugando, Mwanza, zina huduma za saratani za watoto, na siku hizi picha za vioo hutumwa kwa mtaalamu wa mbali akatoa maoni bila mtoto kusafiri. Kwenye fomu ya kinyama hakikisha umri wa mtoto umeandikwa kwa miaka na miezi, mahali uvimbe ulipo, na majibu ya FNA. Nimewahi kuletewa sampuli yenye maneno mawili tu, "uvimbe tumboni". Hata umri haukuandikwa, na kwa saratani za watoto umri ni nusu ya utambuzi.

Kinyama chenyewe kitachukuliwa kwa sindano nene kidogo, ya geji 16 au 18 (namba ya geji ikiwa ndogo, sindano ni nene zaidi), mtoto akiwa amelala kwa dawa. Kabla yake watapima damu na uwezo wake wa kuganda, kwa sababu hatari halisi ya kipimo hiki ni kuvuja damu. Mwambie daktari kama mtoto huwa anatokwa damu puani au anavilia kirahisi.

Wakati mkisubiri, tumbo likianza kukua kwa namna unayoiona siku hadi siku, mkojo ukipungua, pumzi ikiwa nzito, au miguu ikilegea na mtoto aliyekuwa anatembea akashindwa kusimama, mrudishe hospitali siku hiyohiyo, hata usiku. Burkitt inaweza kuziba figo, neuroblastoma inaweza kukandamiza uti wa mgongo, na katika hali hizo madaktari wataanza kumwokoa kwanza huku sampuli ikichukuliwa haraka.

Kaka yako mwombe akusindikize siku ya kinyama. Atakuwa na maswali, na ni bora ayaulize pale mbele ya daktari.